Azimio, Farasi Aliyegeuka Mweupe

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula ugali wa njano. Msiniulize tarehe, tarehe nimewaachia waliosoma. Mvua ilikata, mahindi yakafia shambani, unga ukaletwa kwa meli, wa njano kama umetiwa manjano ya mchuzi. Wanangu walikaa mbele ya sinia wakanitazama kana kwamba nimewasongea udongo. Halafu kulikuwa na bulga, ngano ya msaada iliyopondwa. Ukiila asubuhi, mpaka jua linazama bado inaumuka tumboni, unatembea kama mjamzito. Mafuta ya kupikia ndiyo usiseme. Mchicha tuliuchemsha kwa chumvi na subira.

Basi mwaka huohuo, siku aliyokuja Mkubwa wa serikali, kambi nzima ya wafanyakazi ilinuka mafuta ya nazi. Wanawake wakatoka nje wakinusa hewa. Nani huyo anakaanga? Hakuna aliyekuwa anakaanga. Harufu ilikuwa inatoka kwa farasi wangu.

Ngojeni nianze vizuri, maana nyinyi wajukuu zangu mkisikia "farasi wangu" mnacheka, mnadhani bibi anaota. Pwani hii farasi kafuata nini? Alifuata mkonge. Upande wa Mlandizi kulikuwa na shamba la mkonge la mzungu, safu zake ndefu hata baiskeli inachoka, na mzungu alizikagua akiwa juu ya farasi. Mimi nilitoka Vihingo, Kisarawe, na kanga mbili na watoto wawili, baba yao ameoa kwingine. Kazi niliyoijua ni kupaka maharusi hina na piko. Lakini maharusi hawaolewi kila siku, na watoto wanakula kila siku. Nikaenda kukata majani ya farasi.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Sudi, saisi wa shamba, yaani mtunza farasi. Mtu mfupi, miguu imepinda kama koleo, ulimi wake pilipili. Amezikwa, Mungu amrehemu, lakini matusi yake ninayo yote.

Siku ya kwanza akanipa farasi jike mmoja wa rangi ya majivu, ana mawingumawingu ya kijivu kuanzia shingoni hadi makalioni. "Msafishe," akasema, akaenda zake kuswali. Nami sikuwahi kumsafisha mnyama mkubwa kuliko mbuzi. Nikamtazama, nikasema masikini, huyu ameachwa na uchafu wake miaka. Nikachukua kumbi la nazi, nikachukua majivu na mchanga, nikaanza. Nilimsugua hadi mikono ikawaka. Doa halitoki! Nikaongeza mchanga. Farasi akageuza shingo akanitazama, nadhani hata yeye alikuwa ananionea huruma.

Mzee Sudi aliporudi alisimama mlangoni na kandambili mkononi.

"Mwanahawa, unaosha farasi au sufuria?"

"Mzee, masizi haya yamegandia."

"Hayo si masizi! Ndiyo rangi yake!"

"Rangi gani hii ya mawingu?"

"Muulize aliyemuumba. Huo si uchafu, binti, weka kumbi chini kabla hujamchuna."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Wiki nzima alikuwa akinipita ananiuliza kama nimeshamaliza vyombo.

Haya, kazi ikaanza hapo. Na kazi ya farasi, wanangu, robo ni majani na maji, iliyobaki ni macho. Lazima umjue huyu si yule, maana dawa ya huyu ukimpa yule umezika wawili. Mzee Sudi alikuwa na majina ya Kiarabu ya kila rangi, mimi yakaingia hapa yakatokea pale. Nikajitengenezea yangu ya jikoni. Mwekundu mzima, hadi nywele za shingo, nilimwita Mdalasini. Mwekundu mwenye miguu na mkia mweusi nilimwita Pilau, kwa sababu kwa juu ameiva na kwa chini ameungua. Yule wa mawingu niliyemsugua nilimwita Tui. Alama nazo hivyohivyo. Mwenye weupe miguuni, huyo amekanyaga maziwa. Mwenye weupe mdomoni, huyo ameonja togwa. Mzee Sudi alilalamika siku mbili tatu, ya nne nikamsikia anamwambia mzungu kwamba Pilau anachechemea.

Nikupeni na hili, hata kama hamtapata farasi wa kulitumia. Weupe wa farasi uko wa aina mbili. Kuna wa kuzaliwa nao, doa la usoni au la mguuni, huo umwagie maji utaona ngozi chini yake ya pinki kama ya mtoto wa panya. Na kuna weupe wa umri. Mwenye huo mmwagie maji kidogo, sukuma nywele kwa kidole, ngozi chini ni nyeusi tii. Huyo hakuzaliwa mweupe. Amefika hapo taratibu, kama mimi na kichwa changu.

Na hili nalo: mbung'o wanapenda giza. Sisemi giza la usiku, nasema rangi. Mlandizi ile ilikuwa pori, mbung'o walikuwa wengi kuliko watu, na farasi akiumwa nao sana anakonda, anavimba miguu, anakufa. Tulichoma mavi makavu mlangoni pa banda kutwa, moshi mpaka macho yetu yakawa kama ya walevi. Hata hivyo walipita. Na walipopita walikwenda kwanza kwa mweusi. Shamba lilikuwa na farasi weusi wawili, wazuri, wanang'aa kama viatu vya askari. Ndio tuliowazika mwanzo. Mdalasini akafuata. Tui, aliyekuwa amekwisha kuwa mweupe wakati huo, alikufa kwa uzee wake, kwa heshima, amelala.

Lakini kabla hajafa alizaa. Na hapo ndipo penye mkasa.

Tui alizaa asubuhi, mimi nikiwa pale, na alichozaa kilikuwa cheusi kama chini ya chungu. Nikaruka nje. Mama mweupe, baba Pilau, mtoto mkaa? Wanawake wa kambini wakasema jini limebadilisha. Nami, sitawaficha, nilisimama mlangoni nikasoma Kul-huwallahu kwa sauti kubwa hadi mtoto wa farasi akashtuka, akaanguka. Mzee Sudi akamwinua, akamfunua jicho, akaniita.

"Njoo utazame, wacha kusomea watu. Unaona nini pembeni mwa jicho?"

"Vinywele vyeupe."

"Basi huyu ni mweupe. Hajafika tu."

Sikuelewa. Nikaelewa miaka ilivyokwenda, kila nikimpiga brashi zinatoka nywele nyeusi na zinazobaki ni za kijivu.

Mtoto yule alizaliwa mwaka wa Azimio, mwaka shamba lilipochukuliwa na umma na mzungu akaenda kwao. Siku ya makabidhiano akaja Mkubwa kutoka Dar, kijana wakati ule, nywele nyeusi, shati limemkaa. Akahutubia. Akamwona mtoto wa farasi, akamwekea mkono shingoni, akapaza sauti:

"Ndugu wananchi! Tazameni! Mweusi, kijana, ana nguvu, na amezaliwa mwaka huu wetu! Kuanzia leo jina lake Azimio!"

Vigelegele, ngoma, vumbi. Mzee Sudi akainua kidole. "Mkubwa, ila huyu farasi baadaye..."

"Baadaye, mzee, baadaye," wakamwambia, wakamsogeza nyuma.

Baadaye yenyewe haikufika. Mzee Sudi akafa, mimi nikawa saisi, mwanamke pekee, na watu wakanizoea. Farasi wengine wakaisha. Akabaki Azimio peke yake, na aliachwa hai kwa jina lake tu. Mameneja wote walimwona mlaji asiye na kazi, maana mkonge siku hizo ulikaguliwa kwa Landrova, ila nani athubutu kumchinja Azimio?

Ndipo akaja meneja tuliyemwita Bwana Pasi. Hakuwa mtu mbaya. Suruali zake zilikuwa na mstari unaoweza kukatia kitunguu, ndiyo maana ya jina. Kosa lake lilikuwa moja: aliogopa farasi. Hakuwahi kukanyaga bandani. Mwaka mzima akaenda mikutano ya Dar, na kila mkutano Mkubwa alimuuliza, "Azimio langu halijambo?" naye alijibu, "Halijambo, Mkubwa, jeusi kama mkaa."

Mwaka ule wa ugali wa njano, Mkubwa akasema anakuja kumwona mwenyewe.

Bwana Pasi akaja bandani kwa mara ya kwanza, ameshika leso puani, akasimama mbali kama mtu anayenunua nyoka.

"Mama Hawa, nitolee Azimio nimwone."

"Huyo hapo."

"Wapi?"

"Huyo anayekutazama."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Azimio alikuwa mweupe mwili mzima, majivu yamebaki magotini tu.

"Huyu mweupe!"

"Ndiye."

"Mama Hawa, usinichezee. Azimio ni mweusi. Taifa zima linajua."

"Alikuwa mweusi. Amekua."

"Mtu anakua akabadilika rangi?"

"Farasi wa namna hii ndivyo anavyokua. Mama yake alikuwa hivyohivyo."

Jasho likamtoka kwenye kola. Nikamwona anawaza, na alichokiwaza nilikisoma usoni. Akasema polepole, "Mmemuuza. Mmemuuza wa kweli, mmeniwekea huyu. Mali ya umma!"

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimlea mnyama yule tangu siku niliyomsomea Kul-huwallahu. Nikamwambia, "Mimi Mwanahawa nimeuza farasi? Nimemficha kwenye kanga nikapanda naye basi?"

Akakaa juu ya mzigo wa majani, suruali ikajikunja, hata hakujali. Akaanza kunibembeleza. Kwamba Mkubwa akimwona mweupe atasema si yeye. Na kama si yeye, basi ni farasi mzee wa bure, mlaji wa umma, atakwenda kuchunwa ngozi kesho yake. Na kama ni yeye, ndiyo mbaya zaidi. Nani atasimama mbele ya watu, mwaka huu wa njaa, aseme Azimio limegeuka mzungu?

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yanamlenga.

"Mama Hawa, wewe unapaka maharusi piko. Piko jeusi lile, zuri, halitoki wiki mbili. Mpake. Siku moja tu, Mkubwa aje, aondoke."

Mwaona, alikuwa ananipa njia. Farasi anapona, yeye anapona, mimi napona. Na piko nilikuwa nalo, nalo lingemkaa vizuri, najua kazi yangu. Lakini nikamfikiria yule wa viatu vya askari na mwenzake tuliowazika. Wiki mbili za weusi katika Mlandizi ile? Ningekuwa nampeleka kwa mbung'o kwa mkono wangu. Na nikwambieni kweli, kulikuwa na kingine. Nilimtazama Azimio alivyong'aa. Miaka yote ile, nywele moja moja, mimi ndiye niliyezikusanya zile nyeusi kwenye brashi.

Nikasema, "Hapakwi mtu hapa. Weupe huu si uchafu."

"Farasi ni mtu?"

"Hapakwi mtu hapa. Weupe huu si uchafu."

Akasimama, akanyoosha suruali, sauti ikabadilika. Akasema chumba changu kambini kuna wengi wanakitaka. Akasema saisi wa farasi asiyekuwepo hana mshahara. Akaondoka. Nilibaki nimeegemea ubavu wa Azimio. Wanangu wangelala wapi? Nikafunga vyombo vyangu kwenye kanga, nikaviweka mlangoni, ili nikifukuzwa nisionekane natafuta kijiko.

Asubuhi ya Mkubwa, kumbe, Bwana Pasi aliwahi bandani kabla yangu. Hofu ya bosi imeshinda hofu ya farasi! Amekusanya masizi ya vyungu vya kambi nzima, amechanganya na mafuta ya nazi, debe zima lililofichwa kwa ajili ya wageni, na kwa kitambaa cha pasi amempaka Azimio kuanzia masikio hadi mkia. Azimio alisimama kimya, tena alikuwa anamlamba mkono, maana mafuta yalikuwa matamu. Bwana Pasi mwenyewe alikuwa mweusi mpaka kwenye kope.

"Kupaka hujapaka," akaniambia, anahema. "Kamba utashika?"

"Kamba nitashika. Nani mwingine ataiweza?"

Nje wanawake walikuwa wanawaka. "Sisi tunachemsha mchicha, farasi anakaangwa!" Mama mmoja Mzaramo mwenzangu akapita akamnusa Azimio, akasema, "Shemeji, ukikosa kazi njoo nikukwangue upate kutoa kitoweo."

Mkubwa akafika. Nilimtambua kwa sauti tu. Amenenepa, amevaa suti ya mikono mifupi, nyeupe kama sanda, samahani kwa mfano. Kichwa cheusi tii, cheusi kuliko kilivyokuwa ujanani, na mimi, mpakaji wa piko, nikajua palepale: kanta, ile rangi ya kuficha mvi.

"Azimio langu!" akasema, akafungua mikono.

Azimio alikuwa amesimama juani nusu saa. Na mbung'o walikwishapata habari. Walitoka porini kama watu waliosikia sukari imefika dukani. Mmoja shingoni, watatu tumboni, kisha sikuhesabu. Azimio akapiga mguu. Akatupa kichwa. Nami nikamvuta kwa upole, nikamwambia taratibu baba, lakini mnyama akiwashwa anatafuta pa kujikunia, na kitu kilichokuwa karibu, kipana, kimesimama imara, kilikuwa Mkubwa.

Alijikuna kifuani pa Mkubwa. Akajikuna begani pake. Akamgeuza, akajikuna mgongoni pake. Suti ile nyeupe ikawa ramani. Na kila aliposugua, weupe wa Azimio mwenyewe ukatokea, paji la uso kwanza, kisha shavu.

Mtoto wa mtu akasema kwa sauti, "Mama, farasi anachuja!"

Bwana Pasi akafungua mdomo. "Mkubwa, hili ni vumbi la, la mkonge, linakuwa jeusi wakati wa..." Akanigeukia. "Mama Hawa, mweleze Mkubwa."

Mkubwa akanitazama. Nikatazama ile kanga yangu yenye vyombo kule mlangoni. Nikasema moyoni, Mwanahawa, ndiyo basi.

"Mkubwa, si vumbi. Ni masizi. Huyu ndiye Azimio, na sasa ni mweupe kwa sababu amekua. Farasi wa aina yake ndivyo walivyo. Siku ile ulipompa jina Mzee Sudi alitaka kukwambia, wakamwambia baadaye."

"Nitajuaje ndiye?"

Nilichukua ndoo na sabuni ya magadi, nikaanza kumwosha Azimio, maana mbung'o hawakuwa wanasubiri tumalize mazungumzo. Weupe ukatoka wote. Nikammwagia maji safi begani, nikasukuma nywele kwa kidole. "Tazama ngozi."

Mkubwa akainama. Akatazama sana. Akaweka kidole chake mwenyewe.

"Mweusi," akasema. Kisha akaruka kama mtoto. "Ndani bado ni mweusi! Ndugu wananchi! Azimio nje limekomaa, lakini ndani ni lilelile!"

Wananchi wakapiga makofi, kwanza kwa kuchelewa, kisha kwa nguvu, wengine wakipiga ili wapate kucheka. Bwana Pasi alipiga kuliko wote. Machozi yalimtengenezea njia mbili kwenye masizi.

Wakati watu wanaelekea kwenye bulga ya wageni, iliyopikwa bila mafuta, mnajua kwa nini, Mkubwa alibaki nyuma kidogo. Jua lilikuwa kali. Mstari mweusi mwembamba ulikuwa unateremka kutoka nywele zake kuja shavuni. Akamshika Azimio shingo, akaniuliza chini kwa chini:

"Na mimi, mama, ukinimwagia maji, utaona nini?"

Nikamwambia, "Tusimwage, Mkubwa. Suti imeshachoka."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenda kwake hakusema neno kwa Bwana Pasi ila moja, kwamba Azimio asiguswe na brashi ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Vyombo vyangu nikavirudisha ndani. Azimio aliishi hadi miaka ya foleni za sukari na sabuni, akafa mweupe, amelala, kama mama yake. Bwana Pasi naye alizoea banda. Aliacha hata kunyoosha suruali.

Sasa mmenikalisha niwasimulie haya kwa sababu wiki ijayo mjukuu wangu Saumu anaolewa, na nyumba hii ya Kisarawe imejaa watu na sufuria. Jana alikuja mbele yangu ameficha mkono nyuma. Nikajua.

"Bibi mzuri," akasema.

"Sema, mke mwenza. Unataka nini?"

"Picha za harusi zitakwenda kwenye simu za watu wote. Nimekuletea kanta. Kidogo tu, Bibi. Nakupaka mwenyewe, hata harufu haina."

"Kwani nikoje?"

"Utaonekana mzee, Bibi."

"Na mimi ni nani?"

Wenzake wakaangua kicheko, akanuna, akakaa magotini pangu. Ameshafungua na chupa. Kidole kimeshachovywa. Yule mtoto nampenda, na siku yake ni siku yake, na nilikwishaapa sitamnyima kitu hadi aende kwa mumewe. Nikamshika ule mkono wenye rangi, nikauweka chini taratibu.

"Hapakwi mtu hapa. Weupe huu si uchafu."